Kopo la Lori

Sogezeni vigoda karibu na kitanda, wanangu, na wewe Evelina niinulie huu mto kidogo, kwa maana nina maneno ya kusema asubuhi hii kabla jua halijapasha bati, na kifua changu hakitanipa nafasi ya kuyasema mara mbili. Fredy, weka hiyo simu chini. Nimefundisha miaka thelathini na minne, namjua mtu anayesikiliza na namjua anayejifanya kusikiliza, na wewe tangu darasa la kwanza hujaweza kunidanganya. Yoramu, mwanangu wa kwanza, kaa hapa upande wa dirisha nikuone uso, maana mengi ya leo ni yako, na usiniambie nipumzike. Nitapumzika sana tu.

Jana mchana mlidhani nimelala. Macho nilikuwa nimeyafumba, lakini masikio yangu hayajaugua. Nilikusikia, Yoramu, hapo nje chini ya dirisha, ukimwambia mdogo wako kwamba mwenye malori amekubali, kwamba mzee akishazikwa na matanga yakishaanuliwa wataingia wachimbe mchanga wa korongo kuanzia mpaka wa shamba letu mpaka kule kisimani nyuma ya mlima, kwa kuwa Dodoma sasa kila mtu anajenga na mchanga wetu ni safi, hauna udongo. Nilimsikia na Fredy akikuuliza, "Na kisima je?" Nawe ukamjibu, "Si watachimba kingine?" Sikukukasirikia, baba. Niliumia, tena sana, lakini kukasirika nilishindwa, kwa sababu jibu hilo nalijua. Nililitoa mimi kabla yako, kwa sauti hiyo hiyo uliyoirithi kwangu.

Basi nianze na mali, ili asiyetaka kusikia mengine awe ameshapata lake. Ng'ombe wanne waliobaki ni wa Fredy, maana ndiye aliyewachunga kwenye kiangazi kile kibaya wenzake wakiwa mjini. Shamba la juu, lile la uwele, ni la Evelina, na asije mtu akaniletea habari kwamba binti atakula kwa mumewe, kwani huyo mume sikumwona hapa akinifulia mashuka. Nyumba hii ni ya wote watatu. Na shamba la chini linalopakana na korongo nalo ni lenu watatu, ila hilo lina habari yake, na sitawakabidhi kabla sijaieleza. Korongo lenyewe si la mtu, mnajua hivyo, lakini njia ya kushukia inapita shambani kwetu, na lori lisilopita kwetu halishuki. Ndiyo maana yule bwana anakutafuta wewe, Yoramu, hamtafuti mwenyekiti.

Ninyi mmekua mmekuta bomba la kijiji, hata kama halitoi maji, kwa hiyo huenda hamjui korongo lilivyokuwa utotoni kwangu. Mvua ikishapita, juu panabaki mchanga mkavu tu, mgeni akipita atasema hapa pamekufa, kumbe maji yamelala chini. Unafukua kwa mikono, kiwiko kinazama, unakaa kitako, unasubiri. Maji yanakuja polepole, unachota kwa kata ya kibuyu, yanakwisha, unasubiri tena. Na mtu akishajaza ndoo yake ya kwanza, kabla hajagusa ya pili, alikuwa anasimama na kuita, "Nani bado?" Akiitika mtu hata kutoka kule mlimani, unampisha. Ng'ombe walikuwa na visima vyao, kila ukoo na chake na uzio wake wa miiba, lakini kisima cha watu kilikuwa hakina mwenyewe, na ile kata ilikuwa haiendi nyumbani kwa mtu. Bibi yenu alimtoa machozi shangazi yenu kwa sababu shangazi alibeba ndoo ya pili bila kuita. Nilikuwepo, nilikuwa mdogo, niliona.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Miaka kama kumi na mitatu iliyopita walituita walimu semina kule Kongwa, siku tano, tukaambiwa tuweke chaki chini. Mwalimu asiseme jibu, mtoto aulize, atafute, apime, aje aseme amekuta nini. Tulicheka sana, sisi wazee. Mimi nilisema kwa sauti, "Basi tuwaachie watoto shule, sisi tukalime karanga." Lakini niliporudi nilijaribu, kwa ubishi tu, nionyeshe kwamba haiwezekani. Nikaweka ndoo moja ya maji juu ya meza, mchana wa jua kali, watoto arobaini na watatu wa darasa la sita, nikawapa kata moja, nikasema, "Gaweni," nikaenda kukaa nyuma. Wakasukumana, wenye nguvu wakanywa, wengine wakalia, maji nusu yakamwagika. Ndipo akasimama binti mmoja mwembamba, Hilda, mtoto wa yule mama aliyekuwa na nyumba ya mwisho kule karibu na korongo, akasema, "Mwalimu, kabla hatujagawa tuhesabu kwanza tuko wangapi, na tujue kesho ndoo nyingine inatoka wapi." Wanangu, miaka yote ile nilikuwa nawafundisha watoto kujibu. Siku ile nilirudi nyumbani nikamwambia mama yenu Anna, apumzike kwa amani, kwamba nimeanza kazi upya.

Tukashuka korongoni. Nilikata fimbo ya mkole, tukaifunga mafundo ya katani kila shubiri, tukawa tunaichomeka kisimani kila asubuhi kupima maji yako chini kiasi gani. Halafu watoto wenyewe wakabuni makopo. Kopo jeupe la ndoo za watu, kopo jekundu la ng'ombe, kopo la kijani la bustani ya Habibu. Ndoo moja ikichotwa, punje moja ya hindi inatumbukizwa. Walikaa kwa zamu, wawili wawili, wakati wa mapumziko na baada ya masomo, na Ijumaa tunamwaga punje darasani na kuhesabu. Sijawahi kupenda kazi kama nilivyoipenda miezi ile. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo.

Habibu mnamkumbuka, yule Mrangi kutoka Kondoa aliyekuja na mkewe akapanda vitunguu ukingoni mwa korongo. Mtu mpole, swala zake na bustani yake, basi. Mwaka ule maji yakaanza kushuka, fundo baada ya fundo, na kijiji kizima kikasema ni vitunguu vya Habibu. Nani mwingine? Ndiye mgeni. Lakini punje zilikuwa zinasema vingine. Kopo la kijani halikupita ndoo kumi na mbili kwa siku, na siku nyingine hayupo kabisa, na maji yanashuka vile vile. Watoto wakachanganyikiwa. Punje hazikutosha kueleza maji yaliyopotea.

Evelina, nipe maji kidogo. Kijiko kimoja tu. Ahsante, mama.

Mwaka huo huo, wanangu, ndio tulikuwa tunajenga nyumba hii. Tulikuwa bado kwenye lile tembe la udongo, paa linavuja, na mimi mwalimu mkuu msaidizi nilikuwa naona aibu wageni wakija kunisalimu wanainama mlangoni. Akaja mtu na malori, si huyu wako Yoramu, mwingine, akaniambia nimpe njia ya kushukia korongoni, naye atanipa bati, saruji na tofali za kumalizia. Nikajiambia mchanga ni mchanga tu, mvua italeta mwingine. Malori yakawa yanapita nyuma ya lile shamba la chini, manne, matano, siku nyingine saba. Nyumba ikapanda. Mama yenu alifurahi, na mimi nilifurahi kumwona amefurahi. Hizi kuta mnazoziegemea ni lile korongo, wanangu.

Ijumaa moja tukamwaga punje. Hilda akasimama na daftari lake. Alikuwa amehesabu kitu ambacho hakuna aliyemtuma kukihesabu. Akasema, "Mwalimu, lori halichoti maji, lakini siku malori yanapopita mengi, kesho yake fimbo inazama zaidi. Mchanga ndio unaoshika maji. Tulitilie lori kopo gani?"

Kila mtoto pale alijua malori yanapita kwa nani. Na yeye Hilda hakuuliza kwa ujeuri, hapana, aliuliza vile nilivyomfundisha, macho yake yanang'aa, anangoja nimsifu. Nikamwambia, "Kaa chini." Akasema, "Lakini mwalimu, tumehesabu." Nikamwita mbele nikamchapa viboko viwili, nikasema ni kwa kuchelewa kuhesabu namba asubuhi. Hakuchelewa. Watoto wote arobaini na wawili waliobaki walijua kwamba hakuchelewa. Hakulia. Alirudi kwenye dawati akafunika daftari, na tangu siku ile hakuna mtoto aliyeniuliza swali mpaka nimestaafu. Nilikuwa nikisema, "Swali?" wanaangalia sakafu.

Fredy, usiangalie sakafu na wewe. Sijamaliza, na lako linakuja.

Walikuwa wameshaandika matokeo yao kwenye karatasi kubwa ya manila, na juu wameandika, "Maji yetu yanaenda wapi?" na chini wameacha nafasi wazi ya kopo la lori. Niliichukua nikasema nitaitunza. Wiki mbili baadaye ukaitishwa mkutano wa kijiji kuhusu kisima. Watu wakamlaumu Habibu, mmoja baada ya mwingine, na mwenyekiti akanigeukia mimi akasema, "Mwalimu, watoto wako wamekuwa wakipima pale. Wamekuta nini?" Karatasi ilikuwa hapa nyumbani, ndani ya sanduku. Nilisimama. Habibu alikuwa ameketi mbele, kofia yake mkononi, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, sema." Nikasema, "Bado hawajamaliza." Ni hayo tu niliyosema, kisha nikakaa.

Kesho yake vijana wakang'oa bustani yake. Wewe Fredy ulikuwemo, ulikuwa mtoto, ulirudi na miche ya vitunguu mikononi unajisifu kwamba mmemwondoa mwizi wa maji, na mimi baba yako nikacheka pamoja nawe. Mpaka leo ukisikia mtu wa Kondoa unasema neno baya. Hilo neno nilikupa mimi, na lilikuwa la uongo. Habibu akafunga mizigo yake na mkewe, akaondoka na basi la asubuhi. Alipita hapa kuniaga, mnajua? Aliniaga. Alisema, "Mwenyezi Mungu atusamehe sote," akanipa mkono, na mimi nikaupokea.

Kisima kile cha kwanza kilikufa mwezi wa nane. Waliokuwa na nyumba mjini au punda hawakuona tofauti kubwa. Lakini kina Hilda walikuwa hawana punda wala mjomba mjini, na mama yake alikuwa mgonjwa wa miguu, kwa hiyo binti akawa anakwenda kule nyuma ya mlima, korongo linakozungukia, kwenye kisima cha pili, hiki kilichobaki, safari mbili kwa siku. Akaanza kuchelewa kweli. Halafu akaanza kukosa. Rejista ya darasa ilikuwa yangu, kalamu ilikuwa yangu, kila asubuhi naita jina lake, kimya, naandika hayupo. Niliandika hayupo, hayupo, hayupo, siku arobaini na moja, kisha nikalikata jina. Mtoto aliyekuwa na akili kuliko wote niliowafundisha hakufanya mtihani wa darasa la saba, na anayejua sababu ni mimi. Nimelibeba hilo kanisani, nimelibeba kitandani, nimeshindwa kumwambia hata mama yenu.

Yoramu, unalia? Lia baba. Wewe si mtu mbaya. Najua una watoto wanne kwenye vyumba viwili, na lile jengo lako kule mjini limeishia kwenye linta, halina paa, mwaka wa tatu sasa. Najua aibu ya mwanamume asiyemaliza nyumba, niliinywa kabla yako. Ndiyo maana sitakuamuru. Nikikuamuru usichimbe, utaniheshimu mwaka mmoja, halafu utasema mzee alikuwa anaumwa, hakuwa akijua anasema nini.

Nawaachia kazi, kama nilivyowaachia watoto wale. Nyuma ya huu mlango kuna fimbo ya mkole, na mafundo yake bado yapo, niliyafunga upya mwaka jana. Mkishanizika, kabla mtu hajampigia simu mwenye malori, nendeni kwenye kile kisima kilichobaki, ninyi watatu, siku saba, kwa zamu, kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama. Wekeni makopo. Hesabuni kila anayechota, jina lake, ametoka wapi, ametembea muda gani, ana ndoo ngapi. Yoramu, wewe kaa siku tatu, maana wewe ndiye una haraka. Wapelekeni na wajukuu zangu, waacheni waulize, na wakiuliza linalowauma msiinue mkono. Siku ya nane kaeni hapa, mmwage punje sakafuni, mzihesabu, halafu mniamulie lile shamba la chini. Mtakaloamua liwe lenu, sitawafuata kutoka kaburini kuwalaumu. Lakini mjue. Mimi mwaka ule nilijua nikajifanya sijui.

Na nyinyi mnaonipa maji kwa kijiko siku hizi zote, mmewahi kujiuliza nani anayachota? Evelina anajua, kwa sababu hawezi kuniacha peke yangu. Yoramu, wewe ulidhani yanatoka bombani? Kila asubuhi dumu linaletwa hapo mlangoni, kutoka nyuma ya mlima, na anayelileta hajaomba kitu. Ni Hilda. Ana mabinti wawili sasa. Kila asubuhi ananisalimu hapo dirishani, "Shikamoo mwalimu," na mimi namjibu marahaba, kisha nageukia ukutani.

Evelina, fungua sanduku. Chini ya shuka la mama yako. Taratibu, ile karatasi imeshaoza kwenye mikunjo. Hiyo. Siku ya kunizika, kabla hawajaanza kunisifu, Yoramu asimame aisome yote mbele ya kijiji, kopo kwa kopo, na aseme baba yenu aliificha. Fredy, wewe utapanda basi uende Kondoa. Uliza pale msikitini, Habibu aliyelima vitunguu kwetu, watakuonyesha, nimesikia bado yu hai. Umwamkie shikamoo, ukae chini, umwambie, "Baba alikuwa na karatasi. Baba hakusema." Usimpelekee zawadi. Akikufukuza, ondoka kwa adabu.

Nimechoka sasa. Subirini... mmesikia? Dumu limetua. Ndiye huyo. Evelina, mwite ndani. Mwambie asivue viatu.

Karibu, mama. Marahaba. Yoramu, mpishe mwalimu wako akae. Huyu ndiye atakayewafundisha kupima. Hilda... karibu hapa, sauti haifiki. Ulikuwa darasa la sita. Siku ile hukuchelewa. Nasema mbele ya wanangu, hukuchelewa. Uliniuliza lori tulitilie kopo gani, na nimekaa na swali lako miaka kumi na mitatu. Ni kopo langu, mama. Evelina, mpe kalamu. Pale chini, ile nafasi mliyoacha wazi... andika jina langu. Mwalimu Obedi. Liandike lote, usiniogope.

Sikuombi useme kitu. Hapana, usinifute uso. Umefanya ya kutosha.

Wanangu, Mungu awabariki. Awape mvua kwa wakati wake na watoto wasumbufu wa maswali. Yoramu, Mungu akumalizie nyumba kwa njia nyingine. Fredy, akufungue moyo njiani. Evelina... wewe umeshabarikiwa. Msigombane juu yangu. Mnizike kule juu, kwenye mawe, msinizike karibu na korongo.

Maji. Kijiko kimoja. Hapana, ngoja... ngoja kwanza. Hilda, umetembea toka alfajiri, umekunywa? Mpeni. Yoramu, wewe? Fredy? Na wale wasichana wake, wako nje... waulizeni... Nani... nani bado?